Ndugu wawili wamwibia mzee: filamu nianzie kwenye wizi au nianzie mwanzo?

Swali: Shikamoo mwalimu. Niko Newala, nimepiga filamu fupi ya dakika 30. Ndugu wawili wanaiba sanduku la pesa za korosho za baba yao, mambo yanaharibika, mzee anakufa. Niliipenda filamu ya Before the Devil Knows You're Dead inavyorukaruka siku, nami nikapanga hivyo hivyo. Walioiona wanasema hawaelewi kipi kilitangulia, na hakuna hata mmoja aliyemwonea mzee uchungu. Nisimulie tu moja kwa moja?

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Usikimbilie kunyoosha. Una maradhi mawili hapo, na la pili ndilo linaloiua kazi yako.

Tuanze na mwongozaji Sidney Lumet na hiyo filamu yake ya 2007. Wengi huiga kurukaruka kwake na kusahau kwa nini alirukaruka. Mapema kabisa tunaona duka la vito linavamiwa na mama mmoja mtu mzima anapigwa risasi. Kwetu watazamaji ni muuza duka tu. Kisha tunarudishwa nyuma siku tatu, tunakaa na ndugu wawili, Andy na Hank, wakipanga dili lao, na ndipo tunagundua kuwa duka lile ni la wazazi wao. Tangu hapo kila wanachocheka kinakuchoma, maana wewe umeshajua na wao bado. Sasa pitia skripti yako: kila unaporudi nyuma, mtazamaji anaondoka na siri gani? Kama hana anachoondoka nacho, kata. Kwa dakika 30, mimi nisingerudi nyuma zaidi ya mara mbili.

Maandishi ya "siku tatu kabla" usiyategemee. Kwenye kibanda umiza, yaani banda la mtaani la kuonyeshea video, nusu ya watu wanaingia filamu iko katikati, na nusu nyingine wanabishana. Chagua tukio moja lenye sauti yake, tuseme pikipiki inayogoma kuwaka nje ya nyumba, ulirudie lile lile kutoka upande wa ndugu wa pili. Watu wakiisikia tena watajua wenyewe wapo saa ile ile.

Sasa huo uchungu uliokosekana. Skripti ya mwanzo ya Kelly Masterson, mwandishi wa filamu hiyo ya Lumet, ilikuwa na marafiki wawili. Lumet ndiye aliyewageuza kuwa ndugu wa damu. Badiliko hilo ni kubwa kuliko mirukaruko yote. Na wewe badilisha, ila kwa kwetu. Uko Newala, kati ya Wamakonde, na ukoo wetu kijadi unafuata upande wa mama. Huyo mzee mfanye mjomba. Mtoto kumwibia baba ni aibu, watu watasikitika. Mpwa amwibie mjomba aliyempeleka jandoni na kumsimamia posa? Hapo bibi zangu wangeondoka kwenye viti.

Hilo sanduku nalo liondoe. (Samahani, nilicheka.) Tangu mfumo wa kuuza kwa stakabadhi ghalani ulipoanza msimu wa 2007/08, korosho zinapimwa AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, zinakwenda ghalani, zinauzwa mnadani, na siku hizi malipo yanaingia kwenye akaunti ya mkulima. Mtu wa hapo jirani Tandahimba akiona burungutu chini ya kitanda atajua mwandishi hajawahi kuokota korosho. Waibe magunia yenyewe, usiku, kabla hayajafika kwenye mizani, wamuuzie mnunuzi wa kangomba, yaani wa magendo, kwa bei ya kutupa. Wizi wa namna hiyo kila mtu huku anaujua, na hauhitaji bunduki.

Tena unakupa kitu ambacho skripti yako haina kabisa: kisingizio. Andy anamwambia mdogo wake kwamba hakuna atakayeumia, bima italipa, na bastola iwe ya kuchezea. Ukimsikiliza unakaribia kukubali. Vijana wako wanaamka tu ni wezi, kwa hiyo hatuoni wakiporomoka, tumewakuta chini. Mpe mkubwa deni la salfa, dawa ya kupulizia mikorosho, au ada ya mtoto. Aseme ni magunia mawili tu, tutamrudishia mjomba msimu ujao. Usiku wa pili yawe matano, na asitoe sababu yoyote.

Kifo cha mzee kisogeze mbali, au kiache kabisa. Anavyokufa sasa hivi anakusaidia wewe kumaliza, hamsaidii mtazamaji. Mimi ningetaka kwanza kumwona AMCOS asubuhi, anahesabu magunia yake kwa kidole, anafika mwisho, anaanza upya. Na anayemshushia magunia hayo kwenye mizani, jasho linamtoka, ni yule mpwa mkubwa. Piga sini hiyo bila muziki, kamera iwe kwa mpwa na sio kwa mzee, halafu nitumie niione.