Re: Betri mpya ya XT600 inaisha chaji kila wiki

Mkuu, usinunue betri ya tatu kabla hujapima. Kwenye pikipiki yako ya XT600 hakuna altaneta ya mkanda kama ya gari. Kuna sumaku zinazozunguka na krenki, ndani yake zimekaa koili zisizozunguka. Umeme unatoka kwa waya 3 za rangi moja, unaingia kwenye regyuleta (kifaa kinachodhibiti chaji), ndipo unafika kwenye betri.

Weka mita kwenye betri, washa injini, panda taratibu hadi mizunguko 5,000 kwa dakika. Ukiona kati ya volti 13.5 na 14.5, chaji ni nzima, tafuta kinachonyonya umeme pikipiki ikiwa imezimwa. Ukibaki kwenye 12, fungua soketi ya zile waya 3. Mimi nilikuta yangu imegeuka kahawia na tundu moja limeyeyuka. Nikaikata, nikaunga waya kwa risasi ya kulehemu, chaji ikarudi siku hiyohiyo. Kwa pikipiki za umri huu naanzia hapo kila mara.

Soketi ikiwa nzima, pima waya mbilimbili, mita ikiwa kwenye volti za AC (mkondo geu), injini ikinguruma: jozi zote 3 zilingane. Kisha zima, pima kila waya na bodi. Ikionyesha njia, yaani umeme unapita kutoka waya hadi bodi, koili imeungua, ipeleke ikasukwe upya. Koili zikiwa nzima, basi huenda shida ni regyuleta. Isugue pale inapofungwa kwenye fremu hadi chuma kionekane, maana ile ya zamani inageuza umeme wa ziada kuwa joto, na joto hilo linatokea kwenye fremu.

Na tafadhali, usichomoe betri injini ikiwaka.