Mizeituni Yangu Yanawiri, Lakini Haizai

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, mimi ni mkulima wa Njoro, Kaunti ya Nakuru. Miaka 6 iliyopita nilipanda mizeituni 12 ya kukamua mafuta. Kila mti huupa nusu kilo ya mbolea ya CAN na robo kilo ya mbolea ya DAP, mara 2 kwa mwaka. Majani yamekolea kijani na matawi yamerefuka, ila matunda yote niliyowahi kuchuma hayajai kofi. Mtamaiyu (mzeituni wa mwituni) ulio mpakani, ambao haujawahi kuonja mbolea, huzaa. Je, niongeze kipimo?

JIBU: Ndugu msomaji, usiongeze. Hebu tupige hesabu kwanza. CAN ina naitrojeni asilimia 26 na DAP asilimia 18, kwa hiyo kila mti wako hupata takriban gramu 350 za naitrojeni kwa mwaka. Kilo 1 ya zeituni huondoka shambani na gramu 3 hivi za naitrojeni na gramu 4 hadi 5 za potasiamu. Maana yake ni kwamba unaulisha mti usiozaa chakula cha kutosha zaidi ya kilo 100 za matunda, na hata tukitoa kinachotumika kujenga matawi, ziada inabaki kubwa. Ziada hiyo ndiyo unayoiona katika machipukizi marefu. Na siku mti utakapozaa, naitrojeni iliyozidi hupunguza vile viambato vinavyoyapa mafuta uchungu wake na kuyakinga yasichache upesi.

Mwenye kujua kama mzeituni una njaa ni jani. Chuma majani kama 100 yaliyokomaa, kutoka katikati ya machipukizi ya mwaka huu yasiyo na matunda, uyapeleke maabara. Naitrojeni ya asilimia 1.5 hadi 2 yatosha, na mbolea inayoongezwa juu ya hapo haiongezi mavuno. Potasiamu ipite asilimia 0.8. Itazame hiyo kwa makini mti ukianza kuzaa, kwa sababu matunda huinyonya kutoka majanini, na udongo ukikauka mizizi hushindwa kuichukua hata kama imo tele. Boroni, madini ambayo mti huyahitaji kwa kiasi kidogo, ikishuka chini ya sehemu 14 kwa milioni, maua hupukutika bila kufunga. Lakini usiitie kwa kubahatisha, maana ikizidi ni sumu.

Hata hivyo, nashuku kwamba kizuizi chako kikuu si chakula. Mzeituni wa Mediterania hungoja majira ya baridi ndipo vichomozo vyake vigeuke kuwa maua, na Njoro, ingawa usiku wake ni wa kuvaa sweta, haina majira hayo. Huko Tacna, eneo la mizeituni kusini mwa Peru, miaka ya El Niño, yaani bahari inapopata joto lisilo la kawaida, inapopunguza baridi, maua huwa haba ijapokuwa mashamba yanatunzwa vizuri. Mtamaiyu wako ni jamaa yake, lakini umezoea nyanda zetu tangu zamani, na ndiyo maana haungoji.

Pima pia uchachu wa udongo, kwani DAP ya miaka 6 huuongeza, ilhali mzeituni hupenda udongo wenye chokaa. Gunia la mbolea lililobaki ghalani lipeleke kwenye mahindi.