Vikombe juu ya piano

Mhariri, wiki hii mmenipata. Mmeuliza: "Je, unaweza kuifurahia filamu ya maisha ya mwanamuziki maarufu huku ukijua kwamba imechakachua ukweli?" Mimi Bohemian Rhapsody, filamu ya Freddie Mercury na bendi yake ya Queen, nimeitazama mara nne, na mara zote nne nimebishana nayo. Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo, ila nina manung'uniko.

La kwanza ni la nyumbani. Freddie Mercury kazaliwa hapa Unguja, Septemba 1946, akaitwa Farrokh Bulsara, mtoto wa Kiparsi ambaye baba yake alikuwa mtunza fedha wa Mahakama Kuu. Akapelekwa India kusoma angali mdogo, akarudi, na mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, familia ikahamia Uingereza. Filamu inamchukua akiwa kijana wa London tayari, anapakua mizigo ya abiria Heathrow. Zanzibar inabaki kutajwa kwenye mazungumzo ya familia, basi. Mara ya kwanza tuliitazama Mji Mkongwe kwa mjomba, watu saba tumebanana mbele ya kompyuta moja, tukingoja japo kichochoro kimoja tukitambue. Ilipotimia nusu saa mjomba akauliza, "Sasa huku kwetu wanafika lini?" Hawakufika.

Hilo nimeshalimeza. Linalonikaa kooni ni Live Aid, lile tamasha la hisani.

Filamu inaishia kwenye tamasha hilo, uwanja wa Wembley, London, 13 Julai 1985. Ili machozi yatutoke, tunaambiwa Queen walishasambaratika kwa sababu Freddie kawakimbia akatoe albamu yake peke yake, kisha wakapatana dakika za mwisho. Wapi! Queen walitoa albamu 1984 wakazunguka nayo, na ziara yenyewe iliishia Japani Mei 1985, miezi miwili tu kabla ya Wembley. Na huyo Roger Taylor, mpiga ngoma, ambaye kwenye filamu naye anachukia, alikuwa ameshatoa albamu mbili zake mwenyewe kabla Freddie hajatoa hata moja!

Halafu kuna lile la mazoezi ya Live Aid, Freddie anapowaambia wenzake kwamba ana UKIMWI. Wanaoyajua maisha yake husema majibu aliyapata mwaka 1987. Wimbo kuhamishwa miaka miwili mitatu nasamehe, na We Will Rock You wa 1977 umehamishwa kweli, unatungwa huku Freddie keshafuga masharubu aliyokuja kuyafuga baadaye. Lakini kumuuguza mtu kabla ya siku zake ni jambo jingine. Wamemchukua mwanamume mwenye nguvu zake, aliyepanda jukwaani kwa sababu anapenda watu wamtazame, wakamgeuza mgonjwa anayeaga.

Sasa mbona naitazama tena? Kwa ajili ya vikombe. Jukwaa la Wembley walilijenga upya kwenye uwanja wa ndege wa zamani, na juu ya piano wamepanga vikombe vya Pepsi na bilauri za bia kama zilivyokuwa siku ile. Mimi huweka simu kando ya skrini, nikacheza onyesho halisi sambamba na filamu, macho yakiruka huku na huku. Rami Malek, anayemwigiza Freddie, ananyanyua ile nusu ya mlingoti wa maikrofoni, anachapa mbio, anapiga ngumi hewani, na bega linashuka palepale liliposhuka la mwenyewe. Tuzo ya Oscar ya 2019 sikuona kijicho.

Wapo wanaomtoa maksi kwa kuwa sauti si yake. Ni kweli, tunayoisikia kwa sehemu kubwa ni ya Freddie, ikisaidiwa na mwimbaji aitwaye Marc Martel, ilhali mwigizaji Taron Egerton aliimba mwenyewe katika Rocketman, filamu ya maisha ya Elton John. Vizuri kwake. Lakini sauti ya Freddie ungemkabidhi nani?

Turudi kwa mjomba. Yeye muziki wake ni taarabu, na mwingine wote huuita makelele. Ilipofika pale Freddie anapowaitisha watu Wembley, "Eeee-oo!", uwanja mzima ukiitikia, mjomba naye akaitikia. Mara ya pili akaitikia kwa sauti zaidi. Ya tatu ikafika mpaka jikoni, na mkaza mjomba, mikono imejaa unga, akatoka mbio: "Labeka! Nani ananiita?"

Msomaji wenu, Unguja