Kumshitakia Mola Hamu ya Mwana

Mwanangu wa pili aliondoka Lamu kwenda Maskati kutafuta kazi, na asubuhi ile alipopanda boti ya kuvuka Mokowe ili akapate basi la Mombasa, aliacha kanzu yake nyuma ya mlango wa chumba chake. Mwaka wa kwanza alipiga simu kila Ijumaa baada ya sala. Mwaka wa pili simu zikapungua, kisha zikakatika kabisa kwa miezi minane. Ninaandika haya kwa ajili ya mzazi, mke au ndugu anayemtamani mtu aliye hai lakini asiyejulikana alipo, kwa kuwa msiba una matanga na hitima, na watu huja wakakaa nawe, ilhali hamu ya namna hii haina siku ya kuanua tanga.

Kanzu ile sikuifua. Shingoni ilikuwa imeingia umanjano kidogo kwa jasho na mafuta, na kwenye mkono wa kulia palikuwa na doa la kahawa. Kila usiku niliitoa nikainusa, kisha nikaona haya, maana majirani walikwisha kuniambia kwamba mwenye imani halii, na kwamba machozi ni dalili ya kutoridhika na alilolipanga Mwenyezi Mungu. Walisema kwa nia njema, nami niliwasadiki kwa muda mrefu, jambo ninalolijutia hadi leo, kwa sababu lilinifanya nimkimbie Mola wangu wakati ule ule nilipomhitaji: nilisali sala zote tano, lakini nikishatoa salamu nilikunja msala upesi, nikihofia nisije nikalia mbele Yake.

Kilichonifungua moyo ni Sura ya Yusuf, ambayo nimeisoma tangu utotoni katika chuo cha Qurani bila kuitazama kwa jicho la mzazi. Nabii Yaakub alipotezewa mwanawe, akasema kwamba kwake ni subira njema, na bado aya ya 84 inatueleza kuwa macho yake yaligeuka meupe kwa huzuni. Wanawe walipomlaumu kwa kutomsahau Yusuf, aliwajibu, katika aya ya 86, kwamba anamshitakia Mwenyezi Mungu sikitiko lake na huzuni yake. Huyu ni mtume, na hakuificha huzuni wala hakuionea haya, aliipeleka panapostahili. Mtume wetu Muhammad, rehema na amani zimshukie, naye alitokwa na machozi alipofiwa na mwanawe Ibrahim, akasema kwamba jicho hulia na moyo huhuzunika, wala hatusemi ila linalomridhisha Mola wetu. Nilipofika aya ya 94, pale mzee yule anaposema kwamba anaisikia harufu ya Yusuf kabla kanzu aliyoituma Yusuf haijamfikia, kanzu ya mwanangu ilikuwa mapajani mwangu, na ile haya yangu yote ikaniondoka.

Tangu hapo nilianza kuamka thuluthi ya mwisho ya usiku, ambayo kwetu huanza kama saa saba na nusu hivi, ingawa mchovu akiamka nusu saa tu kabla ya adhana ya alfajiri atakuwa bado yumo ndani yake. Nilisali rakaa mbili kwa yale niliyofundishwa, kisha nikatoa salamu, nikabaki juu ya msala na kusema kwa Kiamu changu, lahaja yetu ya Lamu, bila kupamba maneno. Nakushauri, ndugu yangu, ufanye hivyo hivyo: mtaje mtu wako kwa jina, sema unachokikosa hasa, iwe ni sauti yake au hatua zake ukumbini, na kama umekasirika, sema kuwa umekasirika. Mwenyezi Mungu anayajua hayo kabla hujayatamka, lakini wewe unahitaji kuyatua.

Kosa langu jingine lilikuwa haraka. Niliweka siku arubaini, na zilipopita kimya nikaacha kuomba kwa wiki nzima, mpaka nilipokumbushwa hadithi isemayo kwamba mja hujibiwa maadamu hana pupa ya kusema, "Nimeomba wala sikujibiwa." Usimwekee Mola tarehe. Wala usidhani kuwa dua inakuondolea wajibu wa kutafuta, kwani katika aya inayofuata ile ya mashitaka, ya 87, Yaakub anawaamrisha wanawe waende wakamtafute Yusuf na nduguye, wala wasikate tamaa. Nami niliwauliza wasafiri waliorudi, nikatuma salamu kwa kila mwenye jamaa huko.

Utulivu ulinijia polepole, na haukuipunguza hamu hata kidogo. Uliondoa ile hofu ya usiku, nikaanza kulala baada ya kuswali, na nikaweza kumtaja mwanangu mbele za watu bila koo kukaba. Baadaye alipiga simu. Kazi ilikuwa imemwishia, akaona haya kupiga bila kuwa na cha kutuma nyumbani, na niliposikia neno hilo la haya nililia nikiwa nimeshika simu, naye akanisikia.

Hajarudi bado. Juzi niliifua ile kanzu, nikaianika uani kwenye jua la asubuhi, kisha nikaifukiza udi na kuitundika nyuma ya mlango wake, ili akija aikute safi.