Kutembea Eyam kwa kufuata jiokashi: jibu kwa mleta mada

Mleta mada ameeleza kwamba atakuwa kwa dada yake Sheffield, Uingereza, ameshauriwa aende kijiji cha Eyam, mkoa jirani wa Derbyshire, akatafute visanduku vya jiokashi (mchezo wa kutafuta kwa GPS, yaani kifaa cha satelaiti kinachoonyesha mahali ulipo, visanduku vilivyofichwa na wengine), naye anauliza kama huo si mchezo wa watoto tu. Nimeishi Derbyshire kwa miaka kadhaa na njia hiyo ninaifahamu kwa miguu yangu. Jibu langu ni kwamba aende, ila achague jiokashi ya vituo vingi, ile ambayo haikufikishi kwenye kisanduku mpaka uwe umesoma kilichoandikwa njiani.

Kwa wasioufahamu, mchezo huu ulizaliwa Mei 2000, pale Marekani ilipoacha kupunguza kwa makusudi usahihi wa GPS kwa raia. Siku iliyofuata Mmarekani mmoja, Dave Ulmer, alificha ndoo msituni huko Oregon, akatangaza latitudo na longitudo yake kwenye intaneti ili wengine waitafute. Katika jiokashi ya vituo vingi, tarakimu unazozikuta kwenye jiwe au kibao ndizo zinazokupa namba za kituo kinachofuata, na mwishoni unakuta kisanduku chenye daftari dogo ambamo unaandika jina lako na tarehe.

Uzuri wake ni kwamba huwezi kupita mbio. Kwenye ukuta wa kanisa la Mtakatifu Lawrence pana saa ya jua ya mwaka 1775, na wageni wengi huitupia jicho mara moja wakaendelea na safari. Anayetafuta tarakimu husimama, akagundua kwamba haionyeshi saa peke yake, bali ina mistari ya miezi ya mwaka pia. Hatua chache kutoka hapo upo msalaba wa mawe wa karne ya 8, na kaburi la Catherine Mompesson, mke wa kasisi, aliyefariki tarehe 25 Agosti 1666. Tarehe hiyo ndiyo inayofungua habari yote ya kijiji.

Mwaka 1665 fundi wa nguo wa Eyam aliletewa kitambaa kutoka London, na inasimuliwa kwamba kilikuwa na viroboto wa tauni. Msaidizi wake, George Viccars, alikianika karibu na moto, naye akazikwa tarehe 7 Septemba. Ugonjwa ulipopamba moto tena mwaka uliofuata, kasisi William Mompesson, akisaidiwa na mtangulizi wake Thomas Stanley, aliwashawishi wanakijiji wajifungie ndani ya mipaka yao ili tauni isisambae kwa majirani. Waliafikiana pia kwamba ibada zifanyike nje, bondeni Cucklett Delph, kila familia ikisimama mbali na nyingine, na kwamba kila nyumba izike wafu wake yenyewe. Hadi tauni ilipokoma mwishoni mwa 1666, watu wapatao 260 walikuwa wamekufa. Sisi tulioishi na karantini ya Korona tunajua ugumu wa kukaa ndani kwa amri ya serikali, na hawa walikubali wenyewe.

Habari hizo zote unaweza kuzisoma ukiwa umekaa sebuleni. Usichoweza kukipata sebuleni ni umbali. Njia inayoelekea kijiji jirani cha Stoney Middleton inakupeleka kwenye jiwe la mpaka, nalo juu lina matundu ambayo kingo zake zimelainika kwa kuguswa na watu wengi. Humo ndimo wanakijiji walimoweka sarafu ndani ya siki, wakiamini kwamba siki inaua ugonjwa, na watu wa nje wakawaachia chakula. Ukiingiza kidole tunduni huku majirani wakiwa hapo chini tu, unaelewa kwamba waliojifungia wangeweza kuondoka usiku wowote kwa mwendo mfupi. Kwa maoni yangu kituo hiki kinazidi jumba la makumbusho la kijiji, ingawa nalo ni zuri na linafaa kutembelewa.

Upande wa mashariki, kwenye mteremko ulio nje ya kijiji, yapo makaburi ya Riley, yaliyozungushiwa ukuta wa mawe katikati ya malisho. Elizabeth Hancock aliwazika hapo mumewe na watoto wake sita kati ya tarehe 3 na 10 Agosti 1666, akiwa peke yake. Yeye alinusurika, na baadaye akaenda kuishi na mwanawe aliyebaki, huko huko Sheffield ambako mleta mada atafikia. Kama jiokashi utakayoichagua inakutaka uzisome tarehe za mawe hayo, zisome zote, hata kama hesabu ya kupata kituo kinachofuata inahitaji moja tu.

Kisanduku cha mwisho kilipo sitasema, kwa kuwa si haki kwa aliyekificha. Beba kalamu yako, na vaa viatu vinavyostahimili tope. Usiguse wala usifukue chochote makaburini, kwa maana kanuni za mchezo kwa kawaida hazimruhusu mtu kufukia kisanduku ardhini, hivyo hakuna sababu ya kuchimba. Nyumba zenye vibao vya majina ya waliokufa bado zinakaliwa na watu, kwa hiyo visome ukiwa barabarani.