Kabla ya Kuandika "Mbaya", Uliza Kasoro Iko Wapi

Kazi ya kwanza ya kutafsiri niliyolipwa ilikuwa kijitabu cha ushauri wa afya kwa wazee, na katika ukurasa wake wa tatu niliandika, bila wasiwasi wowote, kwamba mtu mwenye "goti baya" asipande ngazi akiwa amebeba mzigo. Mhariri, mama mtu mzima aliyekulia Tanga, aliyazungushia maneno hayo wino mwekundu na kuandika pembeni: "Mwanangu, goti hili limemkosea nani?" Kiingereza kilisema "bad knee", nami nilipoiona "bad" mkono uliandika "baya" wenyewe, ilhali msomaji wa Kiswahili alihitaji kuambiwa tu kwamba huyo ni mtu anayesumbuliwa na goti.

Tangu siku hiyo, kila ninapokutana na kivumishi hicho huiacha kamusi kwanza na kuitazama nomino iliyo mbele yake, kisha hujiuliza kitu hicho kina kasoro gani hasa. Kiingereza kimelibebesha neno moja kasoro za kila namna, wakati Kiswahili hupenda kuitaja kasoro yenyewe. Yai ambalo Mwingereza huliita "bad" sisi tunaliita viza, maziwa yamechacha, samaki ameoza, barabara ni mbovu, lugha ni chafu, mafua ni makali, na deni ni lile lisilolipika, ambalo watu wa benki nchini Tanzania hulihesabu katika mikopo chechefu. Katika orodha hiyo yote "-baya" haikuhitajika hata mara moja. Nafasi yake ipo, kwa kuwa tunasema habari mbaya, ajali mbaya na bahati mbaya, lakini ni ndogo kuliko mwanafunzi wa Kiingereza anavyodhani.

Panaponitesa zaidi ni pale neno linapomwelezea mtu. "A bad teacher" anaweza kuwa mwalimu mbovu, yaani asiyeijua kazi yake. Anaweza kuwa mwalimu mbaya, ambaye wanafunzi wanamwogopa kwa ukali au roho yake. Na anaweza hata kuwa mwalimu mwovu, ambaye mzazi hatamwachia mtoto. Kiingereza kinaweza kukaa kimya kuhusu tofauti hizo hadi aya ya tano, lakini mtafsiri analazimika kuchagua katika sentensi ya kwanza, na akikosea amemchafulia mtu jina. Ushauri wangu ni kuisoma habari yote kabla ya kuandika kivumishi hata kimoja cha mtu.

Vihusishi navyo visipuuzwe. Mtu aliye "bad at" hesabu ni yule ambaye hesabu humshinda, wala hana ubaya wowote. Kitu kilicho "bad for" afya kina madhara kwa afya. Na aliye "bad with names" husahau majina. Kuhusu "feel bad" nilijifunza kwa aibu. Mteja mmoja aliniandikia kwamba anajisikia "so bad" kwa kuchelewesha malipo yangu, nami nikamjibu kwa kumpa pole ya ugonjwa na kumsihi aende hospitali, wakati maskini alikuwa anasema kwamba anaona vibaya na roho inamsuta. Alinilipa siku ile ile, huenda kwa kunihurumia.

Kanuni hii ya kutaja kasoro ina mahali ambapo lazima ivunjwe, na mfano ninaoufahamu ni wa kusikitisha. Mwaka 1932 Idara ya Afya ya Umma ya Marekani ilianza kuwafuatilia wanaume weusi wa eneo la Tuskegee, Alabama, 399 kati yao wakiwa na kaswende na 201 wakiwa hawana. Waliambiwa kwamba wanatibiwa "bad blood", msemo ambao wenyeji waliutumia kwa maradhi kadhaa, kuanzia kaswende na upungufu wa damu hadi uchovu. Ukweli ni kwamba waliachwa bila tiba ya kaswende hata baada ya penisilini kuwa dawa yake ya kawaida katika miaka ya 1940, na mradi huo haukusimamishwa hadi 1972. Ukiitafsiri habari hiyo, usiandike kwamba waliambiwa wana kaswende, maana hilo ndilo walilofichwa. Andika "damu mbaya", uuache ukungu wa neno ukae pale pale ulipowekwa. Msemo huo huo ukihusu familia mbili, hata hivyo, ni uhasama wa siku nyingi, wala damu haimo.

Kuna pia "bad" ya kujisifu, iliyokuzwa na Wamarekani weusi, ambayo maana yake imegeuzwa juu chini. Muhammad Ali, wakati huo bado akijulikana kama Cassius Clay, alipomshinda Sonny Liston huko Miami Beach mwezi Februari 1964 alipaza sauti kwamba yeye ni "a bad man". Anayeandika "mimi ni mtu mbaya" amemfanya bondia akiri dhambi mbele ya kamera. Mimi ningeandika "mimi ni kiboko". Sisi wenyewe si wageni wa mgeuzo huu, kwa kuwa vijana wetu husema bibi harusi amependeza vibaya na hakuna anayekasirika.

Kwa upande wa sarufi sina mengi: "worse" na "worst" zikaririwe, na "more bad" iepukwe.

Nimebakiza "not bad". Msimamizi wangu mmoja, Mwingereza asiye na maneno mengi, aliwahi kunirudishia tafsiri ya kurasa arobaini ikiwa na maneno hayo mawili tu juu ya ukurasa wa kwanza. Sikulala usiku ule, nikiamini kwamba nimenusurika kufukuzwa kwa upungufu wa mtu wa kuchukua nafasi yangu. Asubuhi nilimpelekea karatasi yule mama wa Tanga, akaisoma huku ameinua miwani, kisha akanirudishia.

"Amekusifu huyo," alisema. "Angejua Kiswahili angeandika 'si haba'."