Maswali Yenu: Hesabu Samaki kwa Alfajiri

Barua za safari hii zote zimetoka kandokando ya Ziwa Victoria. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa, kwa sababu wengi wenye matangi yaliyojaa mimea wataiona hali yao humo.

Mwalimu, salaam. Nina tangi la kioo la lita 80 sebuleni, limejaa mimea hadi mchanga hauonekani. Nina samaki wadogo wa mapambo: gapi, wamezaana sasa wamepita 40, na neoni 12. Mchana wanacheza vizuri, lakini nikiamka alfajiri nawakuta wote juu, midomo wazi, wanahema. Juzi umeme ulikatika usiku, asubuhi nikakuta wanne wamekufa. Jirani anasema mimea ina sumu, niing'oe yote. Nifanye nini? — Mama wa Nyegezi

Mama, usiing'oe. Jirani yako amegusa ukweli kidogo, maana mimea ina mkono katika jambo hili, ila si kwa sumu. Kukiwa na mwanga mimea hutoa oksijeni, hata utaona vipovu vidogo vikipanda kutoka kwenye majani. Taa ikizimwa, mimea nayo huvuta oksijeni ileile wanayovuta samaki, konokono, na bakteria wanaoozesha majani yaliyokufa chini. Usiku kucha wote wanachota kwenye akiba moja na hakuna anayeongeza. Saa mbili usiku bado wako salama. Saa kumi na moja alfajiri akiba imefika chini kabisa, na hapo ndipo unapowakuta juu.

Akiba yenyewe si kubwa kwetu. Maji ya nyuzi 25 yakiwa Dar es Salaam, usawa wa bahari, hushika takribani miligramu 8 za oksijeni kwa lita. Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya bahari na hewa ya huku ni nyepesi, kwa hiyo maji yenye joto hilohilo hapa Mwanza hushika kama 7 tu. Ndiyo maana nawasihi wote: msihesabu samaki kwa jinsi tangi linavyopendeza saa nane mchana. Hesabuni kwa wanavyohema alfajiri.

Kwa hesabu hiyo, gapi 40 na neoni 12 ni wengi mno kwa lita 80 zenye mimea minene. Neoni wabaki, hao hawazaani kirahisi ndani ya tangi lenye samaki wa aina mbalimbali. Gapi ndio wa kupunguza. Jike huzaa watoto hai kila baada ya wiki nne hivi, na huweza kutunza mbegu za dume kwa miezi, hivyo kumtenga na madume hakukomeshi uzazi mara moja. Bakiza madume watupu, kumi au kumi na wawili. Wana rangi nzuri zaidi hata hivyo. Wengine wagawie majirani wenye matangi.

Kisha tazama uso wa maji. Oksijeni ya hewani huingilia hapo, na ukiwa umezibwa na majani yanayoelea au utando wa mafuta mafuta, haiingii vizuri. Ondoa majani hadi nusu ya uso iwe wazi. Utando ulalishie karatasi safi ya jikoni, uinue taratibu, utatoka nayo. Pampu ya hewa iwashe jioni unapozima taa, iende hadi asubuhi. Watu wengi hufanya kinyume, huiwasha mchana kwa sababu vipovu vinapendeza, halafu usiku huizima kwa sababu ya kelele, wakati usiku ndio samaki wanaihitaji.

Mimea punguza, lakini isizidi theluthi kwa mara moja, kwa sababu ndiyo inayokula amonia, sumu itokayo kwenye kinyesi cha samaki. Anza na majani ya njano kabla hayajaoza. Chakula wape asubuhi, cha jioni acha kabisa, maana samaki anayesaga chakula hutumia oksijeni zaidi. Robo ya maji badilisha kila wiki. Ya bomba yaache kwenye ndoo wazi siku nzima ili klorini itoke.

Umeme ukikatika usiku na ukawaona wameanza kupanda juu, chota maji ya tangi kwa jagi na uyamimine tena humo kutoka juu, mara nyingi, kila baada ya muda. Inachosha lakini inaokoa. Pampu ndogo ya betri ni bora zaidi kama utaipata.

Shikamoo Mwalimu. Naishi Kirumba karibu na mwalo. Mimea iko tele ziwani na watoto wananiletea furu, wale samaki wadogo wa ziwa letu. Naweza kuviweka kwenye tangi langu la gapi? — Kijana wa Kirumba

Marahaba mwanangu. Mimea ya ziwani, hapana. Huja na konokono, na wale wa jamii ya Biomphalaria ndio wanaobeba kichocho cha tumbo. Konokono mwenye vimelea huweza kuvimwaga majini kwa wiki nyingi, na wewe unatia mkono humo hadi kiwiko. Omba chipukizi kwa mfugaji mwenzako.

Furu ni jambo lingine, na hapa moyo wangu uko. Mmoja wao alielezwa kisayansi mwaka 1985 kutoka Ghuba yetu ya Mwanza akapewa jina la Mwalimu Nyerere, *nyererei*. Dume lake lina mgongo mwekundu, ubavu wa njano na mistari myeusi. Jike hutamia mayai mdomoni. Sijaona samaki mzuri kuliko yeye. Lakini dume la furu hulinda eneo lake kwa ukali na huchimba mchanga, na gapi wako hawatapona. Akitaka kufugwa apewe tangi lake, lenye mawe mengi. Mawe ya Mwanza yanafaa sana, kwa kuwa ni graniti isiyoyeyuka majini. Kabla ya kumtoa ziwani, muone afisa uvuvi.

Kioo cha tangi langu kinaota utelezi wa kijani kila wiki. Liko dirishani. — Msomaji, Musoma

Litoe dirishani. Taa iwake kwa muda wa saa nane kila siku, isizidi, na upunguze chakula.

Nahamia Dodoma. Je, naweza kuwaachia gapi wangu na mimea ziwani? — Msomaji, Sengerema

Hapana, tafadhali. Sangara aliletwa ziwani miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 aina nyingi za furu zilikuwa zimetoweka. Magugu maji asili yake ni Amerika Kusini, yakapelekwa nchi nyingi kwa uzuri wa ua lake. Miaka ya 1990 yaliziba mialo yetu hata mitumbwi ikashindwa kutoka. Samaki wagawe. Mimea isiyo na mwenyewe ianike juani hadi ikauke kabisa ndipo uitupe. Maji ya tangi mwagia migomba, usiyamwage kwenye mtaro unaoelekea ziwani.